Nani aliandika amri ile?

Hebu nikuulize swali moja kabla hatujaenda mbali. Kama mipangilio ya swichi kuu ya ofisi yenu ingebadilishwa leo saa nane mchana, je, kesho asubuhi ungeweza kuniambia ni nani aliyeibadilisha? Sisemi kukisia. Nasema kunionyesha jina, saa, na amri yenyewe aliyoandika.

Katika ofisi nyingi nilizoingia hapa Kenya, jibu ni hapana. Swichi ina nywila moja. Nywila hiyo anaijua msimamizi wa mtandao, anaijua msaidizi wake, anaijua fundi aliyekuja kuifunga, wanaijua wanagenzi waliopita hapo miezi mitatu mitatu, na mara nyingi imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Aingie nani, atoke nani, swichi inamwona mtu mmoja tu anayeitwa admin.

Mimi ni mwandishi wa programu. Sikuajiriwa kulinda swichi. Lakini unajua mambo ya kwetu: ukishasema ulisomea sayansi ya kompyuta, utaitwa kurekebisha printa, utaulizwa bei ya simu, na mwishowe utakabidhiwa kebo ya konsoli. Na kadiri ninavyozigusa swichi hizi ndivyo ninavyozidi kushangaa. Katika kazi yetu ya programu hakuna timu inayojiheshimu ambayo watu watano huandika msimbo kwa jina moja. Git huweka jina la mtu kando ya kila mstari. Ukitaka kujua nani aliandika mstari wa 214, unaandika git blame na jina linatokea. Hakuna anayenuna. Sasa kwa nini mtambo unaobeba kazi ya ofisi nzima tuutendee kama choo cha kulipia, ufunguo mmoja kwa wapita njia wote?

Hoja yangu ni hii: kila mtu aingie kwenye swichi kwa jina lake mwenyewe, na apewe ngazi ya ruhusa inayotosha kazi yake, basi. Wengi husema hayo ni mambo ya kuzuia wadukuzi. Ni kweli, yanasaidia. Lakini kwangu faida kubwa ni nyingine: yanamlinda mfanyakazi mdogo asibebeshwe kosa ambalo huenda si lake.

Swichi ina ngazi ngapi?

Nitatumia swichi za Cisco kwa sababu ndizo wengi wetu tulifundishiwa. Kampuni nyingine nitazigusa baadaye.

Ukichomeka kebo ya konsoli na kufungua PuTTY, unakutana na alama hii:

Switch>

Hapo uko ngazi ya 1. Unaweza kutazama baadhi ya mambo na kupiga ping, lakini huwezi kubadilisha mipangilio. Ukiandika enable na kutoa nywila, alama inabadilika:

Switch#

Sasa uko ngazi ya 15. Unaweza kusoma kila kitu, kubadilisha kila kitu, kufuta kila kitu, na kuizima swichi na kuiwasha upya watu wakiwa katikati ya kazi. Wewe ndiwe mwenye nyumba.

Wengi hudhani mambo yameishia hapo, kwamba kuna mgeni na kuna mwenye nyumba. Kumbe kuna ngazi 16, kuanzia 0 hadi 15. Ngazi ya 0 ina amri tano tu: disable, enable, exit, help na logout. Ngazi ya 2 hadi ya 14 ni vyumba vitupu. Zinarithi amri za ngazi ya 1, kisha zinakungoja wewe uamue ziongezewe nini.

Tuseme Achieng anakaa dawati la msaada. Kazi yake ni kuzima na kuwasha poti ya mtu aliyehama meza, na kuandika maelezo ya poti hiyo. Hahitaji zaidi ya hayo. Unaandika hivi:

username achieng privilege 5 algorithm-type scrypt secret NYWILA-YAKE
privilege exec level 5 configure terminal
privilege configure level 5 interface
privilege interface level 5 shutdown
privilege interface level 5 no shutdown
privilege interface level 5 description

Kisha unaiambia swichi iulize jina la mtu kila anapoingia, na ipokee SSH peke yake:

line con 0
 login local
line vty 0 15
 login local
 transport input ssh

SSH itataka swichi iwe na jina, jina la eneo, na ufunguo uliotengenezwa kwa crypto key generate rsa. Ni kazi ya dakika moja. Telnet iachie historia, kwa maana inapitisha nywila waziwazi kwenye waya na yeyote mwenye Wireshark ataisoma kama gazeti.

Achieng akiingia, aandike show privilege. Swichi itamjibu kwamba yuko ngazi ya 5. Akijaribu kufuta VLAN, swichi itakataa. Mistari kumi hivi, na tayari una ofisi tofauti.

Lakini angalia jambo hili, maana ndipo wengi hujidanganya. Kama Achieng bado anaijua ile nywila ya zamani ya enable, ngazi ya 5 ni mchezo wa kuigiza. Ataandika enable, atatoa nywila, na yuko juu ya 15. Kwa hiyo siku unapoweka majina ndiyo siku unapobadilisha enable secret, na kuanzia hapo haitumiki kwa kazi za kila siku. Wanaostahili ngazi ya 15 wataifikia kwa majina yao wenyewe.

Kasoro za ngazi hizi

Sitaki mtu aniambie nimesifu tu. Ngazi hizi zina kasoro zake na ni vizuri uzijue kabla hujaanza.

Kwanza, zimepangwa kama ngazi kweli. Wa juu ana kila kitu cha wa chini. Huwezi kumpa Achieng amri fulani kwenye ngazi ya 5 na kumnyima Kamau aliye ngazi ya 7.

Pili, hazitofautishi poti na poti. Ukimruhusu mtu kuzima poti ya karani, umemruhusu pia kuzima poti inayokwenda kwenye ruta.

Tatu, ukiipandisha amri ya maneno mengi, maneno ya mwanzo yanapanda nayo. Ukiiweka show ip route kwenye ngazi ya 15, basi show na show ip nazo zinakwenda 15 mpaka uzirudishe moja moja. Nimeona watu wakifungia ofisi nzima amri ya show kwa namna hiyo.

Nne, mtu wa ngazi ya 5 hata ukimpa show running-config ataonyeshwa tu mistari ambayo yeye mwenyewe anaruhusiwa kuibadilisha. Akiiona karibu tupu, atakupigia simu saa tano usiku kukuambia mipangilio imefutika. Mweleze mapema.

Kwa sababu ya kasoro hizi Cisco walileta mtindo mwingine unaoitwa parser view. Hapo hupangi ngazi, unapanga orodha: mtu wa dawati la msaada aone amri hizi na hizi, mtu wa ukaguzi aone zile. Ni kazi zaidi kuandaa, lakini kwa ofisi yenye watu wa aina nyingi ni bora. Ofisi yenye watu wanne haihitaji. Ngazi tatu zinatosha: 1 ya kutazama, 5 ya poti, 15 ya wenye dhamana.

Neno la herufi tatu

Sasa nieleze kwa nini jambo hili linaniuma.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiweka programu ya hesabu kwa mteja mmoja. Jina lake nalihifadhi. Ghafla ghorofa mbili zikapoteza mtandao. Simu za mezani zimekufa, printa hazionekani, wahasibu wamekaa mikono mashavuni, na ilikuwa mwisho wa mwezi. Ilichukua karibu saa tatu kupata chanzo. Kwenye poti inayounganisha swichi mbili, mtu alitaka kuongeza VLAN 30. Akaandika:

switchport trunk allowed vlan 30

Alipaswa kuandika:

switchport trunk allowed vlan add 30

Aliyewahi kugusa Cisco ameshashika kichwa. Amri ya pili inaongeza VLAN 30 kwenye orodha iliyopo. Ya kwanza inaifuta orodha nzima na kuiacha 30 peke yake. Neno moja la herufi tatu limekosekana, na ghorofa mbili zimekatika.

Kosa lenyewe sina neno nalo. Ni kosa maarufu, wahandisi wenye vyeti vya ukutani hulifanya. Kilichoniudhi ni kilichofuata. Meneja aliuliza nani. Tukatazama kumbukumbu za swichi, nazo zikasema hivi:

%SYS-5-CONFIG_I: Configured from console by admin on vty0

Anwani ya IP iliyofuata ilikuwa ya kompyuta ya pamoja ya idara, ile ambayo wote huitumia. Watu wanne walikuwa na nywila. Watatu walisema si mimi. Watatu hao walikuwa na barua za ajira, na mmoja alikuwa na binamu kwenye idara ya fedha. Wa nne alikuwa mwanagenzi kutoka chuo, wiki yake ya saba. Yeye pia alisema si mimi, lakini sauti yake haikuwa na uzito. Aliambiwa arudi nyumbani, na kitabu chake cha mafunzo hakikutiwa sahihi.

Labda ni yeye. Labda siye. Hadi leo sijui, na hakuna aliyewahi kujua. Kijana alipoteza muhula kwa sababu swichi ya bei ya gari kuukuu haikuombwa kuandika jina la mtu.

Hebu rudi kwenye mistari niliyokuonyesha juu. Mtu wa ngazi ya 5 asingeweza kabisa kuandika amri ile. Na hata angekuwa na ngazi ya kutosha, jina lake lingekuwa pale. Vyovyote vile kijana angekuwa salama: ama hakuweza kufanya, ama ingejulikana wazi kama alifanya au hakufanya.

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya duka, lakini swichi ni duka pia.

Daftari lenyewe

Kuweka jina ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika. Swichi nyingi za Cisco zina daftari la mabadiliko ambalo halijawashwa:

archive
 log config
  logging enable
  hidekeys
  notify syslog

Mstari wa hidekeys huficha nywila zisiandikwe kwenye daftari. Mstari wa mwisho hutuma kila amri ya mabadiliko kwenye kumbukumbu za kawaida, nazo unazielekeza kwenye seva nyingine kwa logging host. Usiziache ndani ya swichi peke yake, maana umeme wa kwetu unaujua, na anayetaka kuficha jambo naye anajua kuzima na kuwasha. Kisha siku ya swali unaandika show archive log config all, na utaona mtu na amri yake, mstari kwa mstari.

Usisahau saa. Swichi nyingi za Catalyst zisizowekewa saa zikiwashwa hudhani ni tarehe 1 Machi 1993. Ushahidi unaosema Achieng alibadilisha poti mwaka 1993 hautakufikisha popote, huenda alikuwa hajazaliwa. Weka seva ya NTP, na uandike clock timezone EAT 3.

Na nywila zenyewe? Hapa kuna mtego wa zamani. Wengi huandika enable password kisha service password-encryption, wakaona herufi za ajabu, wakalala. Herufi hizo ni aina ya 7, na aina ya 7 si ulinzi. Hurudishwa kuwa maneno ya kawaida papo hapo na zana zilizojaa kwenye mtandao, na Cisco wenyewe wamekuwa wakisema hivyo miaka yote. Ni pazia la kuzuia jirani asisome akipita nyuma yako. Tumia secret, na kama swichi yako inaruhusu, aina ya 8 au ya 9. Mwaka 2022 shirika la NSA la Marekani lilitoa mwongozo kuhusu aina hizi za nywila za Cisco, na likapendekeza aina ya 8.

Upande wa pili wa shilingi

Mtu atasema, basi dawa ni kumwachia mtu mmoja. Ngazi ya 15 iwe ya bosi wa mtandao peke yake na wengine wakae chini.

Hapana. Jiji la San Francisco lilijaribiwa kwa njia hiyo mwaka 2008. Mtandao wa jiji hilo, uliojulikana kama FiberWAN, ulikuwa mikononi mwa mhandisi mmoja, Terry Childs. Alipokorofishana na wakubwa wake, alikataa kutoa nywila za mitambo. Alikamatwa Julai mwaka huo. Mtandao uliendelea kufanya kazi, lakini hapakuwa na mwingine wa kuusimamia. Hatimaye aliyepewa nywila ni meya mwenyewe, Gavin Newsom, aliyelazimika kwenda kumwona jela. Mwaka 2010 Childs alipatikana na hatia, akahukumiwa miaka minne.

Wapo wahandisi waliomtetea, wakasema alikuwa akiulinda mtandao dhidi ya watu wasiojua kazi. Mimi simo katika ugomvi huo. Ninachosema ni kwamba jiji zima halikupaswa kufika mahali ambapo meya anafuata nywila jela. Nywila moja kwa watu wote ni ugonjwa. Nywila zote kwa mtu mmoja ni ugonjwa uleule umegeuzwa nguo. Ngazi ya 15 iwe na watu wawili angalau, kila mmoja kwa jina lake, na iwepo akaunti ya dharura ambayo nywila yake imekaa ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye sefu ya mkurugenzi. Bahasha ikifunguliwa, nywila inabadilishwa na mpya inawekwa.

Visingizio ninavyovisikia

"Sisi ni watatu tu." Basi utaandika mistari mitatu ya username. Ni kazi ya muda wa chai kupoa.

"Usiku kukiharibika tutachelewa." Kuingia kwa jina lako hakuchukui sekunde zaidi ya kuingia kwa jina la admin. Na kama aliye zamu usiku anahitaji ngazi ya 15, mpe, kwa jina lake.

"Kwani hamtuamini?" Hili ndilo gumu, kwa sababu kwetu kumpunguzia mtu ruhusa huonekana kama kumvua cheo. Lakini karani wa benki hafungui hazina peke yake, na hakuna anayemwita mwizi. Mwambie mwenzako ukweli: ngazi ya 5 ni kinga yake. Siku mtandao utakapoanguka saa kumi na moja asubuhi, atalala usingizi.

"Tuna swichi sitini." Hapo una haki ya kulalamika, kwa sababu kubadilisha akaunti kwenye swichi sitini kila mtu anapoondoka ni mateso, na ukisahau moja, aliyeondoka bado ana mlango. Dawa yake ni TACACS+. Swichi zote zinauliza seva moja: huyu ni nani, anaruhusiwa nini, na hii ndiyo amri aliyoandika. Inaweza kuulizwa ruhusa kwa kila amri moja moja, jambo ambalo RADIUS haikuundiwa. Programu ya tac_plus ni ya bure na itakaa vizuri kwenye kompyuta kuukuu yenye Linux. Mtu akiacha kazi unamfuta mahali pamoja. Hakikisha tu umeweka neno local mwishoni mwa mstari wa aaa authentication, ili siku seva ikifa usibaki nje ya swichi zako zote. Na siku unapoweka mambo haya, usihifadhi mipangilio mapema. Andika kwanza reload in 10. Ukijifungia nje, baada ya dakika kumi swichi itajiwasha upya na kurudi kama ilivyokuwa. Ukiona mambo ni shwari, andika reload cancel kisha uhifadhi.

"Hatutumii Cisco." Sawa. Swichi za HP ProCurve zina Operator na Manager. Juniper ina makundi ya watumiaji na unaweza kuchagua amri moja moja. MikroTik, ambayo ndiyo mkate wa watoa intaneti wengi wadogo mitaani kwetu, ina makundi ya read, write na full, na unaweza kuunda lako. Yule kijana anayepanda paa kuelekeza antena haitaji full. Jina la kitu hubadilika, kanuni haibadiliki.

"Mstari wa amri ni wa kizamani, sisi tunatumia ukurasa wa wavuti." Oktoba 2023 Cisco walitangaza tundu la CVE-2023-20198 katika ukurasa wa wavuti wa IOS XE. Mdukuzi bila nywila yoyote aliweza kujitengenezea akaunti yake mwenyewe ya ngazi ya 15. Tundu hilo lilipewa alama 10 kati ya 10, na makumi ya maelfu ya mitambo duniani ilivamiwa. Swali la kwanza kwa kila msimamizi siku ile lilikuwa: je, kuna jina geni kwenye orodha ya watumiaji? Aliyekuwa na orodha ya majina manne anayoyajua alijibu kwa kutazama mara moja. Kama huutumii ukurasa huo, andika no ip http server na no ip http secure-server. Mlango usioutumia, ujenge ukuta.

Sheria nayo

Tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Kifungu cha 14 kinamhusu anayeingia kwenye mfumo bila idhini, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Vizuri. Sasa niambie, wakili wako atathibitishaje kwamba mtu aliingia bila idhini, ikiwa idhini yenyewe ilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye kabati? Wakili wa upande wa pili hatahitaji kusoma sana. Atauliza tu, admin ni nani? Na sheria hiyohiyo inaweza kumwangukia asiye na hatia, kwa sababu ushahidi usio na jina humfuata aliye dhaifu.

Kazi ya wiki hii

Kama umefika hapa, usisubiri bajeti. Hakuna cha kununua. Andika majina ya watu wote wanaojua nywila ya swichi zenu. Ukishindwa kuikamilisha orodha hiyo, umeshapata jibu. Mpe kila mmoja akaunti yake na ngazi yake. Badilisha enable secret, itie kwenye bahasha. Washa daftari, weka saa. Weka onyo kwa banner login kwamba mfumo huu ni wa wenye idhini na kila amri inaandikwa. Futa akaunti za walioondoka. Na tafadhali, funga kabati kwa kufuli. Mwenye kuifikia swichi kwa mkono hushikilia kitufe cha Mode inapowaka, na anaweza kuweka nywila zake mwenyewe. Ngazi zote 16 hazimzuii mtu aliyesimama mbele ya swichi iliyo juu ya meza ya chai.

Halafu wakija wanagenzi wa muhula ujao, wape majina yao siku ya kwanza, kabla hata ya kuwaonyesha msala uko wapi. Waambie wazi kwamba kila watakachoandika kitaonekana, na kila wasichoandika hawatakibeba. Watajifunza mstari wa amri kwa amani, na wewe utalala ukijua kwamba siku mambo yakiharibika utamuuliza mwenye kosa, si mnyonge wa zamu.